Moshi Juu ya Maji

Kuna bahari mbele ya mlango wangu kila asubuhi, Anord, na haina chumvi. Ni ukungu. Unaingia usiku, unajaza bonde lote hadi kwenye migomba ya chini, na kunapokucha kijiji chetu cha Mtae kinabaki mgongo tu. Ng'ambo ya bonde kuna mgongo mwingine, mdogo, na juu yake kuna nyumba ya mama yako.

Nafungua mlango, natazama kwake kabla sijanawa uso. Moshi upo. Basi nami nashika kuni.

Hujasahau. Ni sheria ya kwetu, na kila mtu ana moshi wake wa kuutazama asubuhi. Nyumba inafuka, mwenyewe ameamka mzima. Nyumba haifuki, mtu anatupa jembe na kwenda kubisha hodi. Ndivyo mzee Silvano alivyokutwa sakafuni, bado anapumua. Tangu baba yako Yeremia alipolazwa chini ya mpeasi nyuma ya nyumba, mama yako Secilia anautazama moshi wangu, nami nautazama wake. Simu uliyomnunulia ameifunga kwenye leso, ameiweka kabatini pamoja na kitabu cha nyimbo. Anaiheshimu mno hata haitumii.

Moshi upo. Wangu ndiyo shikamoo kwake, na wake ndiyo marahaba kwangu.

Na wewe uko kisiwani, kusini, unafanya kazi ya macho. Unasimama mbele ya boti, unawatafutia wageni wanyama wa baharini. Macho yale yaliyokulia juu ya kichanja, yakilinda mahindi ya mama yako, yakimwona nyani mmoja nyuma ya jani la mgomba ng'ambo ya bonde, leo yanatafuta pezi kwenye maji. Nilipopata habari nilijivuna, nikawatangazia kwaya nzima. Nilipomaliza kujivuna nikarudi nyumbani, na nyumba ilikuwa tupu.

Upweke wa mlimani una baridi yake, mume wangu. Unalala upande wako wa kitanda na haupati joto hata asubuhi. Nimejifunza kupika ugali wa mtu mmoja, lakini mkono wangu ni mkaidi. Kila jioni unachota unga wa ziada. Kuku wanakushukuru sana.

Ukasema, njoo tukae wote huku. Umepata chumba, dirisha lake linaona bahari. Nikamuuliza mama yako kama tungeshuka pamoja. Akanitazama kama niliyetukana. "Niende pwani, Yeremia nimwachie nani?" Basi nikasema nitakuja kwanza nione, kisha nitakupa jibu. Maharage yalipotoka shambani nikamuaga: mama, nakwenda kumwona mwanao, usiutafute moshi wangu siku hizi. Akaitikia kwa kichwa.

Nikashuka. Lushoto, Mombo, lami ndefu, joto, hatimaye maji. Ukanivalisha koti la kuelea la rangi ya chungwa, ukanikalisha katikati ya wageni, na boti ikatoka.

Pomboo walikuja kwanza, wakiruka kama ndama waliofunguliwa zizini. Kasa mmoja akatoa kichwa, akatuangalia, akaona hatuna la maana, akazama. Kisha maji yakawa maji tu. Ulisimama mbele, mkono juu ya macho, shati limejaa upepo. Ulikuwa karibu nami kuliko ulivyokuwa mwaka mzima, na bado hukuwa nami. Ulikuwa na bahari.

Mimi ndiye niliyeona. Mbali, pale maji yanapokutana na mbingu, kitu cheupe kiliinuka, kikasimama kidogo, kikatawanyika. Nikaruka juu, nikapiga ukelele wetu, ule wa kuvusha bonde: "Moshiiii! Kule kuna watuuu! Wameamkaaa!"

Boti nzima ilicheka. Nahodha Rajabu, mtu wa pwani, alijifuta machozi. "Shemeji, huko hakuna jiko." Wewe hukucheka. Uligeuza uso kule nilikooneshea, nao uso ukabadilika. Ukawaambia wageni neno moja, orka, aina ya nyangumi, na kicheko kikakatika. Boti ikageuka.

Walikuwa weusi, na weupe wao ulikuwa safi kama kanzu ya mchungaji siku ya Pasaka. Rajabu alizima mashine. Alisema amezaliwa kando ya bahari hiyo na hao alikuwa anawasikia tu kwa wazee. Walipita karibu, wakapumua, na pumzi yao ikatuangukia usoni, vuguvugu, ya harufu ya samaki. Nikajua sikukosea sana. Ulikuwa moshi wa walio hai.

Mbele aliongoza mmoja, pezi lake limekatika ncha. Ubavuni mwake aliogelea dume kubwa, pezi limesimama kama mlango. Ukawaeleza wageni kwa Kiingereza, kisha ukainama ukanieleza mimi. "Yule wa mbele ni mama. Dume lile ni mwanawe. Kuna jamii zao, mtoto wa kiume hamwachi mama yake mpaka mmoja afe."

Ulisema kwa sauti yako ya kazi. Halafu ukayasikia maneno yako mwenyewe.

Nilikutazama, ukatazama maji. Wanasema macho hayana pazia, lakini siku ile yako yalikuwa nalo.

Jioni ukaniuliza, utabaki? Nikasema tulale kwanza. Nilitaka kubaki, Anord, na sioni haya kulisema: nilikutaka, nilitaka mgongo wako usiku na kikohozi chako asubuhi. Nililala moyoni nikiwa nimeshabaki. Kulipokucha nikafungua dirisha lako, bahari nzima ikawa mbele yangu, na kabla sijanawa uso nikaanza kutafuta moshi. Niliutafuta juu ya maji, kama mjinga. Haukuwepo. Nikamkumbuka mtu mmoja kule juu, amefungua mlango, na hana pa kutazama.

Nikafunga kikapu changu. Ulinisindikiza gatini, ukaninunulia mkate wa kumimina, ukasema utakuja Krismasi. Krismasi iliyopita pia ulisema hivyo. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Jua lilikuwa limeinama niliposhuka kwenye basi. Nikatembea hadi pale kwenye kona nyumba yetu inapoonekana kwa mara ya kwanza, nikasimama. Nyumba yangu ilikuwa inafuka.

Nilikimbia, kikapu kichwani. Mwizi? Lakini mwizi gani anakoka moto? Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, mafiga yameshika kuni za muwati, zimepangwa vizuri, na juu yake yamewekwa majani mabichi ili moshi uwe mzito. Juu ya moto hapakuwa na sufuria. Hapakuwa na maji, hapakuwa na kiazi. Moto ulikuwa unawaka bure.

Jirani yetu Marietha alipita na mzigo wake wa majani ya ng'ombe, akanikuta nimeduwaa mlangoni.

"Ni bibi Secilia," akasema. "Anakuja kila siku tangu uondoke. Anashuka bonde na fimbo yake, anapanda huku, anakoka, anarudi kwake. Nikamwambia, bibi we, Esteria kasafiri, huo moto wamkokea nani? Akanijibu, najua kasafiri. Nataka nikifika kwangu nigeuke, nione pana mtu."

Kwa miguu ile, Anord. Miguu inayovimba, isiyoweza tena ngazi za kanisa.

Nilikaa chini kwenye kigoda nikalia mpaka nikachoka. Kisha nikatoka nje, nikamwona. Alikuwa kwenye mteremko wa ng'ambo, nusu ya njia ya kwenda kwake, ameketi juu ya jiwe, kadogo, kanga imemfunika kichwa. Nikavuta pumzi.

"Mamaaa! Nipooo!"

Akageuka. Kisha fimbo ikainuka.

Nilikupigia nikakueleza yote. Nilikuwa nasikia unapumua. Nikakupa jibu ulilokuwa ukilingoja. "Sitakuja kukaa huko, Anord. Nikija, mama atavuka hili bonde kila siku mpaka siku atakayoanguka." Ukasema, nimesikia. Hukusema unarudi. Hukusema hurudi.

Kesho yake nilimpelekea mama yako zawadi zako, nikamsimulia wale wanyama. Alisikiliza kikombe kikiwa mkononi, chai ikapoa. Hakuuliza ukubwa wao wala wanakula nini. Aliuliza: "Huyo mama yao akichelewa nyuma, wanamngoja?"

Nikasema wanamngoja.

"Hata lile dume?"

"Hilo ndilo halisogei kabisa, mama."

Sijui kama ni kweli. Wewe ndiye mjuzi. Yeye aliridhika, akainywa chai yake hivyo hivyo ya baridi.

Leo ukungu umejaa tena, bahari yangu isiyo na chumvi, kimya, nyeupe hadi mlangoni. Nimefungua, nimetazama ng'ambo. Nimesubiri zaidi ya jana. Kisha juu ya bati lake kitu kikainuka, kikasimama, kikatawanyika, chembamba. Nimewasha wangu haraka, nimeweka majani mabichi, ili auone vizuri.

Nawe saa hizi umesimama mbele ya boti, mkono juu ya macho, unatafuta pumzi kwenye maji ya mbali. Unatafuta upande usio wenyewe, mume wangu. Geuka utazame huku juu. Tuko wawili, na mama yako anaanza kubaki nyuma.

Geuka, Anord. Moshi bado upo.