Kibaraza cha Mama Mgomo

Fundi alizipanga sampuli zake kibarazani kama mchuuzi wa samaki: jiwe la kijivu la kubandika, jiwe la kahawia, tofali jekundu jembamba kama biskuti, na kopo la rangi lenye jina refu kuliko brashi yenyewe.

"Chagua, mama. Mwanao anataka nyumba ing'ae kuliko zote mtaani."

Mama Mgomo aliliokota lile la kijivu, akaligonga kwa ukucha. "Hili jiwe au keki?"

"Jiwe, mama. Ila limetoka kiwandani."

"Kumbe siku hizi hata mawe yanaajiriwa."

Fundi akaangua kicheko. Mama mwenyewe hakucheka, lakini moyoni alifurahi. Siku nyingi hakuwa amemchekesha mtu.

Jina la Mgomo hakulipata harusini. Enzi hizo nyumba hizi zilikuwa za kampuni ya ngozi, na kampuni ilipoona wafanyakazi wananong'ona, ikautia kufuli ukumbi wao wa mikutano. Wakahamia vibarazani. Kila mtu alikaa kwake, akarusha neno kwa jirani wa ng'ambo ya njia, naye akalipokea na kulirusha mbele, mpaka mwisho wa mtaa. Msimamizi alipita katikati ya mkutano akidhani anapita katikati ya umbea. Mgomo uliofanya nyumba hizi ziwe zao ulipangwa namna hiyo, na aliyerusha neno la kwanza ni huyu mama.

Leo watoto wa waliogoma wameinua kuta, wamebandika mawe, wametia vioo vya giza. Kile ambacho kampuni haikuthubutu kukifunga, wao wamekifunga kwa hiari yao, na shukrani juu. Kibaraza kilichobaki wazi kilikuwa kimoja, chake. Mume alishazikwa, mwana yuko mbali. Salamu za wapita njia, hata zile za kutupwa begani mtu akikimbilia shughuli zake, ndizo sauti pekee alizozipata kutwa nzima.

"Na kibaraza nacho tukifunge?" fundi aliuliza, kigae cha sakafu mkononi.

"Kifunge. Simenti hii imeshachana suruali za watu. Kifunge vizuri, baba, kipendeze."

Kesho yake akaenda kumuuguza mdogo wake aliyefanyiwa upasuaji. Aliporudi, aliipita nyumba yake. Ikabidi ageuze, ahesabu milango, arudi. Mahali pa kibaraza palisimama ukuta wa mawe ya kijivu, na katikati yake dirisha la kioo cheusi. Ndani ya kioo alimwona bibi mmoja kabeba mfuko, amepigwa na butwaa.

"Hiki ni nini?"

"Kibaraza, mama. Nimekifunga." Fundi alikuwa akijibandua gundi vidoleni, uso umejaa fahari. "Sasa una sebule ya pili."

"Nilisema ukifunge vigae!"

"Mama, ulisema kifunge. Vigae hukuvitaja."

"Si ulikuwa umeshika kigae mkononi!"

Fundi akaitazama mikono yake kana kwamba ndiyo iliyosikia vibaya.

Mama Mgomo akampigia simu mwanawe.

"Mbona ni vizuri hivyo, mama? Usalama. Hata vumbi haliingii."

"Na watu?"

"Watu gani, mama?"

Akafungua mdomo awataje. Akaanza na mshonaji wa ng'ambo: alishakufa. Mpiga lipu wa nyumba ya kona: amehamishiwa kwa binti yake. Akaona aibu kuendelea, akakata simu.

"Bomoa," alimwambia fundi.

"Mwanao atanila nyama."

"Mwambie mama yake amegoma. Bomoa, au nipe hiyo nyundo."

Fundi akabomoa, huku akiyasikitikia mawe yake moja moja kama mtu anayezika kuku. Jua lilipoanza kulegea, njia ilionekana tena. Mama Mgomo akamwambia akae kidogo apumzike. Fundi akakaa ukingoni, nusu tako, kisha simu yake ikaita.

"Nisamehe, mama. Kuna mtu huko juu ananisubiri, naye anataka kufungiwa. Nimemuuliza mara mbili, ni ukuta kweli."

Akaondoka. Gari likapita, vioo juu. Likapita jingine. Mama Mgomo alipochoka kungoja kusalimiwa, akasalimu yeye, kwa sauti ya zamani, akiulenga ukuta wa ng'ambo.

"Jirani! Habari za jioni!"

Mbwa akabweka. Baadaye sauti ya kijana ikatoka nyuma ya geti. "Nani?"

"Mimi hapa, wa mbele."

"Kuna nini, mama?"

"Hakuna kitu. Nakusalimu tu."

"Unaumwa? Tumpigie mwanao?"

"Siumwi. Toka nje uone kibaraza."

Taa ya geti ikawaka. Geti halikufunguliwa. Mama Mgomo akasogea upande mmoja, akachukua kitambaa, akapangusa vumbi la mawe pale pembeni yake, mahali pa mtu kukaa.