Mashine Inayolala Usiku

Esha aliolewa mfungo mosi, na mpaka unaingia mfungo sita alikuwa hajapata kumwona mumewe akiwa macho kwa muda wa kuchemsha chai. Msicheke kwanza. Hakuolewa na msafiri, wala mlevi, wala mtu mwenye nyumba ya pili. Aliolewa na Yunusu, mvuvi wa pale pale Mitondoo, kijana mpole asiye na neno na mtu, na nyumba yao ilitazamana na ofisi ya kijiji.

Tatizo lilikuwa zamu za kazi. Watu wa kwao Esha, Wamwera wa upande wa Milola, waliletwa pwani na Operesheni Vijiji wakiwa na majembe yao, wakapangiwa shamba la ujamaa. Wamachinga, kabila la wenyeji waliowakuta pale, wakabaki na nyavu zao. Alfajiri ikigongwa ile rimu ya lori iliyotundikwa mbele ya ofisi, Esha anatoka na jembe begani, na Yunusu ndiyo kwanza anaingia, macho mekundu kwa mwanga wa karabai, ananuka dagaa. Jioni Esha akirudi, Yunusu anasukuma mashua majini. Ijumaa shamba linapumzika, basi Ijumaa hiyo hiyo wavuvi wanashona nyavu kutwa nzima. Walikuwa wanapishana mlangoni kama walinzi wa ghala.

"Samaki wako chini ya kawa," anasema Yunusu.

"Maji ya kuoga yako uani," anajibu Esha.

Ndoa yenyewe ndiyo hiyo. Na balaa zaidi, Esha alikuwa anampenda. Alikipenda hasa kisogo chake, maana mvua ikiwarudisha mapema kutoka shamba, alimkuta amelala kaugeukia ukuta, na kisogo ndicho alichopata kukitazama. Alitamani kuyajua na mengine, anapenda nini, anaogopa nini, akicheka anachekaje. Lakini mambo hayo utamwuliza nani, na mke wa mtu ni wewe mwenyewe?

Basi Jumamosi moja akaja Bwana Samaki. Jina lake Klementi, mtumishi wa idara ya uvuvi kutoka Lindi, kijana wa kaptura iliyopigwa pasi na soksi ndefu. Alikuja na lori, na ndani ya lori mlikuwa na mashine mbili za kufunga nyuma ya mashua, zimeviringishwa magunia kama wagonjwa. Serikali inawapa moja, akasema, na wachague wenyewe leo leo, kwa kura ya kijiji kizima, wake kwa waume. Itakayobaki inapelekwa kijiji kingine.

Kijiji kizima kikateremka ufukoni. Hata waliokuwa na homa walipona.

Ya kwanza ilikuwa ya petroli. Bwana Samaki aliifunga kwenye mashua ya kikundi, akavuta kamba, ikakohoa, akavuta tena, ikanguruma hadi mbuzi wa Mwenyekiti wakakata kamba na kukimbilia mikoko. Moshi wa buluu ukatanda. Mashua ikaenda mpaka mkondoni na kurudi, wimbi likarusha maji, na wanaume wakapagawa. Mzee Likwata, kiongozi wa kikundi cha wavuvi, mtu mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo, alitokwa na machozi waziwazi, akasema ni moshi.

"Kwa hii tunakwenda dago," akatangaza. "Tunapiga kambi visiwani mwezi mzima, tunarudi na ng'onda, samaki waliokaushwa, za kujaza ghala. Na nahodha wa safari hizo nimeshamchagua. Ni Yunusu."

Wavuvi wakampiga Yunusu mgongoni. Yunusu akatazama mchanga. Esha, aliyekuwa amesimama na wanawake, akapiga hesabu. Huyu mume wa kupishana naye mlangoni sasa hata mlangoni hatamwona tena.

Ya pili ilipofunguliwa magunia, watu waliangua kicheko. Ilikuwa nyembamba, mfano wa mchi uliofungwa pangaboi chini, na pembeni yake betri kubwa kama ya lori. Hii ni ya umeme, akaeleza Bwana Samaki. Haina nguvu ya kwenda visiwani, ni ya kuvulia mishipi hapa hapa kwenye mwamba na kwenye mkono wa bahari. Haili petroli. Kila siku betri inapelekwa kujazwa moto kule kilimani, kwenye zahanati ya misheni, Bruda Bonaventura amekwisha kubali.

"Ila jenereta yao wanaiwasha magharibi na kuizima alfajiri," akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya chumvi. "Kwa hiyo mashine hii hulala usiku. Kazi yake ni mchana tu."

Watu wengine hawakulitilia maanani neno hilo. Esha alilidaka. Betri ikilala kilimani, mashua inalala ufukoni. Mashua ikilala ufukoni, je, mvuvi wake analala wapi? Furaha ilimpanda ghafla mpaka akauma pindo la khanga asije akacheka mbele za watu.

Bwana Samaki akaifunga kwenye mashua mahali pa ile ya kwanza, akaingia, akabonyeza swichi. Kimya.

"Haijawaka," wakasema watu.

"Imewaka."

"Haijawaka, Bwana."

Mzee Likwata hakuwa mtu wa kudanganywa mchana kweupe. Akaweka mguu mmoja ndani ya mashua ili ainamie mashine aisikilize, mguu wa pili akauacha juu ya gogo la kufungia kamba. Nayo mashua, bila kuaga, ikaanza kuondoka. Mzee Likwata akatanuka. Akazidi kutanuka. Alikuwa bado anasema "haijawa..." bahari ilipompokea, kanzu na yote, na hapo watu walicheka hadi wakakaa chini. Mwenyewe alipoibuka alitema maji, akatazama mashua inayojiendea zake na Bwana Samaki ndani, akasema, "Sasa nimeamini. Lakini siitaki."

Bwana Samaki aliporudi, mashine zote mbili zikawekwa mchangani, na mkutano ukafunguliwa hapo hapo ufukoni na Mwenyekiti Andrea. Likwata, akiwa anachuruzika maji, alisema maneno mawili matatu ya nguvu, watu wakapiga makofi, na ilikuwa dhahiri kwamba petroli imeshinda. Ndipo Esha akajikuta ameinua mkono. Hajawahi kusema mkutanoni tangu azaliwe.

"Ndugu Mwenyekiti, hiyo petroli tutaipata wapi? Gari la kata limelala Kiranjeranje mwezi wa pili huu, halina hata ya kujipaka."

Wanawake wakaguna kukubali. Likwata akasema petroli italetwa.

"Na kelele zile, samaki si watakimbia?"

"Samaki hana masikio, mwanangu."

"Hana, lakini mbuzi wa Mwenyekiti anayo, na hajarudi mpaka sasa. Wahenga walisema, debe tupu haliachi kuvuma. Wakasema tena, simba mwenda kimya ndiye mla nyama."

"Bahari haivuliwi kwa methali."

Watu wakacheka, na Esha angekaa chini, mtu mwenye akili angekaa. Lakini alikuwa ameshalewa na ujasiri wake mwenyewe. Akausifu mshipi. Akalisifu jua. Akasema samaki wa mchana ana nyama tamu kwa kuwa amekula vizuri asubuhi. Akasema umande wa usiku unaharibu vifua vya wavuvi, nguvukazi ya taifa inapotea. Akasema kina mama waliojifungua kule zahanati wanahitaji mchuzi, na atakayepeleka betri jioni atapeleka na samaki, huo ndio ujamaa. Bwana Samaki alikuwa anaitikia kwa kichwa, kalamu mkononi, anaandika. Hajapata kuona mwananchi aliyeielewa mashine ya umeme kiasi hicho.

"Mwenzetu huyu amesomea wapi?" akamnong'oneza Mwenyekiti.

Na hapo, jamani, akasimama Bibi Moza. Bibi Moza alikuwa Mngindo, na Mngindo kwa Mmwera ni mtani. Mnajua mtani. Mtani atakuja msibani kwako alikalie jeneza, atakutoa nguo hadharani, nawe huna ruhusa ya kununa. Bibi huyu alikuwa ametulia pale tangu asubuhi, anabwia ugoro wake, anamtazama Esha kwa jicho moja.

"Mwenyekiti, mnapoteza jua," akasema. "Huyu mtani wangu, mla ming'oko ya kuchimba porini, jana tu ndiyo ameiona bahari, leo anajua samaki amekula nini asubuhi? Mtoto huyu hataki mota. Anataka mume."

Vichwa vyote vikamgeukia Esha. Bibi Moza hakuwa amemaliza.

"Tangu harusi hajalala naye usiku hata mmoja, hesabuni wenyewe. Mmemwozesha, mkamwandalia pilau, mkala ninyi, halafu bwana harusi mkamtia kwenye mashua. Na leo mnataka kumpeleka visiwani mwezi mzima. Bora mngemwoza kwa pweza, angalau ana mikono."

Kicheko kilicholipuka kiliwafikia mbuzi huko waliko. Wanawake walipigana viganja, wengine wakapiga vigelegele. Mwenyekiti aliinamisha uso ndani ya kofia yake, mabega yakimtikisika. Bwana Samaki akafuta alichoandika. Esha alijifunika khanga uso mzima na kuomba mchanga ummeze, na chini ya ile khanga, Mungu amsamehe, na yeye alikuwa anacheka. Aibu na furaha zilimchanganyikia asijue ipi ni ipi. Mara kicheko kikamkauka. Bibi Moza alisema anachokitaka Esha. Yunusu je? Nahodha wa safari za dago, kijana wa umri ule, nani akatae? Hajawahi kumwuliza. Wasaa wa kumwuliza aliupata wapi?

"Tupige kura," akasema Mwenyekiti alipopata sauti. "Kila mtu asimame nyuma ya mashine anayoitaka."

Likwata akasimama nyuma ya petroli, na wavuvi wakaanza kumfuata. Wanawake wakaenda kwenye umeme wakimsukuma Esha mbele kama bibi harusi. Wanaume wakulima wakasitasita katikati. Kisha watu wote wakageuka kumtazama Yunusu, aliyekuwa amekaa peke yake juu ya nyavu.

Esha alitoa jicho moja nje ya khanga.

Yunusu akainuka, akajipangusa mchanga. Akaipita petroli bila kuitazama. Akafika kwenye umeme, lakini hakusimama nyuma yake kama wengine. Aliinama, akaifungua betri, akajitwika begani na uzito wake wote, akamgeukia Bwana Samaki.

"Hiyo jenereta," akasema taratibu, "umesema inawashwa saa ngapi?"

Kura hazikuhesabiwa. Wavuvi wawili wenye ndoa changa walihama pale pale, wa tatu akafuata, na Likwata akabaki na petroli yake na kanzu iliyolowa, akasema haya basi, haya, na yeye aliwahi kuwa kijana.

Jua lilikuwa bado juu kidogo wakati Yunusu anaanza kupanda njia ya misheni. Bibi Moza alimsukuma Esha mgongoni, akamtupia kapu la samaki wa wazazi wa zahanati, akamwambia aende akaseme methali zake huko. Esha akamkimbilia mumewe, akatembea nyuma yake, akikitazama kile kisogo, asijue aanzie wapi.

Yunusu ndiye aliyeanza. Na alipoanza, loo, hakunyamaza. Kumbe mwanamume yule ni msemaji. Alisimulia habari za mama yake, za papa aliyemla mbwa, za jinsi asivyopenda kabisa dagaa. Alieleza anavyokaa macho baharini usiku akipanga maneno ya kumwambia mkewe, na akifika mlangoni yote yanamtoka, yanabaki ya samaki na kawa. Alipofurahi alikuwa na kigugumizi kidogo, na Esha hakuwa akilijua hilo.

"Na ingeshinda petroli?" Esha akamwuliza.

Yunusu akaihamishia betri bega la pili, akafikiri.

"Ni-ningeiangusha mkondoni," akasema. "Siku ya kwanza."