Dagaa Ndani ya Uji wa Okech

Bibi Amondi aliishi na mwanawe mtaani Kirumba, jirani kabisa na soko la dagaa, na hakuwa amewahi kusikia mtoto wa Kijaluo anayekatazwa samaki. Lakini ndivyo daktari alivyomwambia mkwewe, Rebeka. Ngozi ya mtoto Okech, ile iliyokuwa ikipasuka na kutoa maji viwikoni, ilikuwa na mzio. Apakwe mafuta mazito yasiyo na manukato, na samaki asionje kabisa, hata vumbi la dagaa.

"Daktari mwenyewe kitoto," bibi alinung'unika. "Sisi wote tumekuzwa na samaki."

Kweli Okech alikuwa amekonda, na bibi aliumia kumwona. Kazi ya kuandaa unga wa lishe ilikuwa yake. Akaendelea kutia dagaa, kiganja kimoja tu, akiwakaanga pamoja na mahindi ili harufu ipotee, kisha akisaga na kuchekecha mpaka usione hata jicho. Mtoto alipozidi kujikuna, bibi aliyalaumu mafuta ya hospitali. Alipozidi kukonda, akaongeza kiganja kingine. Alimpenda mno mjukuu wake, lakini ukaidi nao alikuwa nao, tena wa kutosha.

Asubuhi moja Okech alimaliza kikombe cha uji, midomo ikavimba, mwili ukajaa mabaka, pumzi ikaanza kukwama. Bodaboda iliwafikisha hospitali mtoto akiwa amelegea. Wakamchoma sindano, wakamwekea oksijeni. Daktari akauliza amekula nini.

"Uji tu, daktari," Rebeka alisema huku analia. "Samaki hawaingii kinywani mwake. Muulize mama."

Bibi aliangalia sakafu. Aliogopa kunyang'anywa mjukuu, na aliona aibu.

"Uji tu," akasema.

Kesho yake Okech aliweza kukaa kitandani, macho bado yamevimba, akaomba kula. Rebeka alikuwa amemletea uji kutoka nyumbani. Akafungua chupa, akamimina, akaupuliza upoe.

"Mpe wewe, mama. Kwako huwa hakatai."

Bibi alikipokea kikombe. Mtoto akafungua mdomo. Bibi akaumwaga uji wote chini.

"Humo mna dagaa," alisema. "Tangu mwanzo mna dagaa, mwanangu. Nilitia mimi."

Rebeka alimnyanyua mwanawe, akahamia naye upande wa pili wa kitanda, akampa bibi mgongo.

Okech alichungulia juu ya bega la mama yake, akanyoosha mikono, akalia kwa njaa.

"Bibi! Uji!"