Chewa wa Mstari wa Tano

Alipozama mara ya tatu kuukaza utepe wa kupimia, mhesabu samaki alihisi maji yakimgusa mashavu kwa uvuguvugu wa maji ya kuogea, akachukia. Bahari ya saa mbili asubuhi haina ruhusa ya kuwa hivyo. Aliubana mwisho wa utepe kwa kipande cha tumbawe lililokufa, kaa wawili wadogo wakatimka walipofunuliwa, naye akapanda juu kuvuta pumzi kwa mrija wake.

Chini yake mwamba ulikuwa mweupe. Haukuwa weupe wa kitu kilichofuliwa. Ulikuwa weupe wa mfupa. Joto lilikuwa limekaa wiki saba bila kushuka, na matumbawe yakizidiwa na joto huvitema vijimea vidogo vinavyoyapa chakula na rangi, kisha hubaki yakingoja, hayajafa wala hayaishi. Upande wa kina kifupi kungoja kulikuwa kumekwisha. Huko palikuwa pameota utando wa kijani, mfano wa ukungu wa mkate uliolala.

Alihesabu kama alivyohesabu kila mwezi kwa miaka kumi na minane, akiandika kwa penseli juu ya kibao cha plastiki. Samaki vipepeo: wawili, mahali walipozoea kuwa ishirini. Pono: mmoja. Kangaja: sifuri, na sifuri hiyo aliifunga vizuri, kwa kuwa hakupenda sifuri yenye mdomo wazi. Mwishoni mwa utepe akatokea chewa, mzito, wa kahawia, mdomo wake wa chini umepasuka upande wa kushoto. Akamchapia alama moja, akauhamisha utepe.

Mwamba ulipimwa kwa mistari mitano, na kutoka mstari hadi mstari palikuwa na hatua mia moja. Chewa hukaa shimoni mwake kama mwenye nyumba. Ndiyo maana chewa watano katika mistari mitano hawakumshangaza mtu. Lakini katika mstari wa nne, alipogeuza jiwe la kubania utepe na kaa akatimka, mdomo mpana ulipita begani pake, kutoka nyuma na si kutoka shimo lolote, ukammeza kaa yule. Mdomo wa chini ulikuwa umepasuka. Upande wa kushoto.

Penseli ilikwisha kuchapa alama kabla akili haijafika.

"Shemeji, ulikuwa unazama au uliolewa huko chini?" nahodha alimwuliza akimvuta kuingia botini. Alikuwa mdogo wa marehemu mumewe, na kwa miaka yote hiyo kumi na minane alikuwa ameendesha boti ya kituo bila kulowa kupita vifundo vya miguu. "Tazama uso wako. Kama mtu aliyefumaniwa na sufuria."

"Ni mmoja."

"Nani huyo?"

"Chewa. Ananifuata. Mimi nageuza mawe, yeye anakula kaa. Nimemwandika mara tano kila mwezi."

Nahodha alicheka, kisha akagundua kuwa anacheka peke yake.

"Mama Idadi, acha mzaha. Wewe hukosei."

"Nimekosea."

Kituoni alifungua majalada kabla hajabadili nguo, maji yakimdondoka sakafuni. Zamani hesabu za chewa zilikwenda ovyo: wanne hapa, hakuna pale, saba kule. Kisha, tangu kiangazi kikali cha miaka mitatu iliyopita, zilinyooka: mmoja, mmoja, mmoja, mmoja, mmoja, ukurasa baada ya ukurasa, safu nadhifu kama meno ya kitana. Unadhifu huo ungemshtua mtu mvivu. Yeye ulikuwa umempendeza.

Mkuu wa kituo, mtu mpole aliyeweka kofia yake juu ya makaratasi ili feni isiyapeperushe, alimsikiliza hadi mwisho, nahodha akiwa amesimama mlangoni. Taarifa ya mwaka ilipaswa kuondoka kesho yake adhuhuri. Kanuni waliijua wote: chewa wakipungua chini ya watatu, mwamba hufutwa katika orodha ya miamba hai, na mwamba uliofutwa hauwekewi kituo, wala boti, wala mhesabu.

"Weupe tungeweza kuuelezea, mama," alisema polepole. "Tungesema mwamba utapona. Chewa watano ndio waliokuwa wakitutetea."

"Chewa mmoja."

"Una hakika?"

"Ya mdomo ule, ninayo. Ya macho yangu sina tena."

Mkuu alivua miwani yake, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Basi kesho alfajiri mrudi. Wewe umzuie huyo kwenye mstari wa kwanza, nahodha apite minne iliyobaki. Akiwaona wengine, nitaandika aliowaona. Asipowaona, nitaandika mmoja. Halafu nitaanza kuwaandikia barua za kuwaombea kazi kwingine. Na yangu pia."

Mhesabu na nahodha walitoka wakafuata njia ya changarawe hadi gatini. Nahodha alikuwa akipiga changarawe mateke.

"Kumbe shahidi ni mimi," alisema mwishowe.

"Ni wewe."

"Nikisema nimewaona wanne?"

"Utakuwa umesema."

"Hutabisha?"

"Nitabishaje na mimi sitakuwepo? Nitaandika utakachoniambia, na pembeni nitaandika kuwa umesema wewe."

"Nina watoto watatu shuleni, shemeji."

"Nawajua. Kuhesabu niliwafundisha mimi."

Alfajiri miwani ya kuzamia ilikataa kushika usoni mwa nahodha. Maji yalipenya kwenye masharubu.

"Nyoa," alisema mhesabu.

"Masharubu haya yaliingia nami kwenye ndoa. Hayatoki kwa ajili ya samaki."

Alimpaka mafuta mazito juu ya mdomo kama anayempaka mtoto, akamkaza mkanda kisogoni. Nahodha aliingia majini kwa kelele, akashika upande wa mstari wa pili, akipiga miguu ovyo.

Mhesabu alibaki kwenye mstari wa kwanza. Aligeuza jiwe, na chewa akaja. Aligeuza jingine. Kwa muda wa dakika arobaini alimlisha hivyo, mnyama huyo akielea karibu na kiwiko chake, na kwa mara ya kwanza akamtazama pasipo kumwandika. Alikuwa amekonda. Ngozi ililegea nyuma ya kichwa kama koti la kuazima. Mawe yalipokwisha, chewa aliendelea kusubiri, akimtazama mikono.

Aliporudi botini, nahodha bado alikuwa kwenye mstari wa tano, uso majini, miguu imetulia. Alimngoja ainue kichwa. Hakuinua. Aliivuta nanga, akapiga kasia hadi pale alipokuwa.

"Shemeji!"

Nahodha aliibuka, akavua miwani. Macho yake yalikuwa mekundu. Chumvi ilikuwa sababu ya kutosha, na mhesabu hakumwuliza.

"Hakuna," alisema. "Nimepita mara mbili. Hakuna hata mmoja."

Mhesabu aliandika. Sifuri nne, zote akazifunga vizuri.

"Panda sasa. Mkuu anangoja."

Hakupanda. Alishika ukingo wa boti kwa mkono mmoja, maji yakimtiririka kwenye masharubu.

"Kuna kitu hapa chini yangu kama meza. Kikubwa kuliko meza ya nyumbani kwenu. Cheupe chote. Kilikuwa na rangi gani?"

Mhesabu alilazimika kufikiri. "Hudhurungi. Pembezoni zambarau."

"Na tumbawe lile lenye vidole?"

"Lipi? Yako mengi."

Nahodha alirudisha miwani, akauzamisha uso wake tena. Mkono mmoja tu ulibaki juu ya maji, kidole kikielekeza chini. Kikakaa. Kikasogea kidogo kushoto, kikakaa tena.

Mhesabu aliinama ukingoni mwa boti, akaanza kumwambia rangi ya kila moja, ingawa masikio yake yalikuwa majini.