Ukuta wa Mama Pasi

Mama Pasi aligonga ukuta mara mbili kwa kitako cha pasi yake ya mkaa. Nilikuwa nimeinama kitandani, kikohozi kimenikaba, nami nikajibu kwa konde moja. Moja maana yake nipo.

Ndivyo tulivyoishi kwa miaka, tangu mke wangu alipofariki. Mimi nilishona magodoro, na vumbi la pamba lilikuwa limehamia kifuani mwangu bila kulipa kodi. Yeye alikuwa dobi. Mlango wake ulitazama barabara nyingine, kwa hiyo tulionana kwa nadra. Ila pumu yangu ilimwamsha kila alfajiri, naye hakuacha kuniuliza hali.

"Fundi, leo umekohoa kama trekta bovu," alikuwa akisema kupitia ukutani. "Usife kabla hujanishonea godoro."

Kisha muuguzi wa kliniki akanipa dawa ya pili ya kuvuta.

"Hii haichukui nafasi ya ile ya kwanza, baba. Ni nyongeza. Zote mbili kila siku, hata ukijisikia mzima."

Mwanzoni mimi na dawa hiyo tulishindana. Nilibonyeza kabla sijavuta, mvuke ukaishia kwenye masharubu. Nilipojua kwenda nayo sawa, ilinikausha kinywa, chai ikapoteza ladha. Lakini polepole kifua kikaachia. Asubuhi moja niliamka jua limeshafika kwenye mto wangu wa kulalia, nikashangaa nimelala fofofo kama mtoto.

Hakuna aliyegonga.

Siku za kwanza nilifurahi. Baadaye nilianza kuamka mapema kwa hiari yangu, nikalala macho wazi, nikisikiliza. Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Changu hakikuwa na mshindo wowote. Nilikuwa na pumzi tele na hakuna wa kuzungumza naye. Niliumia, sifichi.

Alfajiri moja nilikaa na dawa ile mkononi. Nikiiacha wiki moja tu, niliwaza, kikohozi kitarudi, naye atagonga. Wazo hilo halikunitisha, na hapo ndipo nilipojiogopa. Nikavuta dawa zote mbili, nikasukutua, nikatema. Halafu nikasogea ukutani nikagonga mara mbili, kama yeye.

Nikaona haya, mtu mzima kugongea watu kuta.

Ikaja moja. Ilitoka karibu sana, usawa wa sikio langu, kama ya mtu aliyekuwa ameegemea upande wa pili.

"Upo, Fundi?"

"Nipo. Nimepata dawa mpya. Sikohoi tena."

Nikamsikia akiweka pasi chini.

"Mbona hukugonga siku zote hizi?" nikamuuliza.

"Niliogopa," alisema. "Ningegonga halafu usijibu, ningefanya nini?"