Kamba Iliyolegea

Kacha! Komeo la mlango wa chini liliinuka. Radhiya alikuwa juu, gizani, akimvika binti yake nguo ya kulalia. Magharibi ndiyo kwanza ilikuwa imepita na taa haijawashwa. Kamba ya kufungulia mlango toka juu ilikuwa palepale kwenye kigingi chake, na hakuna aliyeigusa.

"Mama, nani amekuja?" Saadiya aliuliza.

"Hakuna mtu, mwanangu. Ni upepo."

Upepo gani huo wa kuinua komeo zito la mti wa bambakofi?

Zamani nyumba hiyo haikuwa na kamba. Mlangoni aliketi Hamdun, mtumwa wa marehemu baba mkwe wake, kazi yake kusikiliza hodi na kuinua komeo, kwa kuwa mabibi wa juu hawashuki kumfungulia mtu mlango. Serikali ilipofuta utumwa, Hamdun alikung'uta shuka yake, akaenda zake Matondoni kuranda mbao kwa ujira wake mwenyewe. Hata kwaheri hakusema.

Mlango ukabaki yatima. Ndipo fundi Husseini alipokuja na akili yake: kamba ya kumbi, ncha moja imefungwa kwenye komeo, ikapanda ndani ya ukuta hadi chumba cha juu. Anayekuja hugonga pete ya mlango na kukohoa, mwanamke huvuta, na mlango hufunguka bila yeye kuonekana hata ukucha. Watoto wa mtaa walikuja kuutazama kama mazingaombwe. Nyumba ya pili, kwa jirani yao Bi Hindu, ikatiwa kamba siku ileile. Kuta za mawe ni ngumu, na ukuta wa kati ni wa ubia, basi fundi akatoboa tundu moja, akapitisha kamba zote mbili.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka mvua za masika. Tangu hapo mlango ukaanza kujifungua wenyewe jioni.

Hatua nzito zilipanda ngazi. Alikuwa Bi Mwanamkisi, mamake mume wake, akihema.

"Umemfungulia nani, Radhiya?"

"Sikumfungulia mtu, mama. Kamba ile pale kigingini."

"Mlango una mikono? Mume yuko Mombasa kuuza mikeka, na huku tini mlango u wazi kila Magharibi! Mimi nimezaa, sikuzaliwa jana. Kesho Jaafar akifika, atayasikia yote."

Radhiya hakulala. Alijua hayo "yote" mwisho wake ni nini. Atapewa talaka, arudishwe Pate kwa kaka zake pamoja na sanduku lake la nguo. Na Saadiya? Saadiya atabaki hapa, kwa kina babake.

Jaafar alifika kesho yake alasiri. Mamake alimketisha uwanjani, wakanong'ona. Huko juu Radhiya alilisikia jina lake likitajwa.

Magharibi ilipopita aliizungusha kamba kwenye kiganja chake, akaishika. Nyumba ya pili mtu alikohoa. Kacha! Mlango wao ukafunguka, lakini kamba haikumvuta. Ililegea. Ililegea mkononi mwake kama kwamba kitu kilichokuwa ndani ya ukuta kimeibeba.

"Bismillahi!" Watu husema ukuta una masikio, hawakusema una mikono. Hata hivyo aliutia mkono wake ndani ya tundu, macho ameyafumba. Vidole viligusa kamba nyingine, mbichi kwa unyevu, nyuzi zake zimesukana na za kamba yake kama nywele za watoto wawili waliolala mto mmoja. Na kutoka upande wa pili akaisikia sauti ya Bi Hindu ikimkaribisha mumewe: "Karibu, Bwana Mahmud."

Jaafar alipanda, mamake nyuma yake. Uso wa Jaafar ulikuwa wa mtu aliyefiwa.

"Radhiya, mlango umefunguka mbele ya mato yangu."

Radhiya akamweleza, maneno yakimponyoka: kamba mbili zimesukana ukutani, na Bi Hindu akivuta yake, huinua na komeo lao. Bi Mwanamkisi akacheka puani. "Hindu ni shoga yake! Mwiteni, ataapa hata kwa chumvi ili amtetee."

"Tusimwite, mama," Radhiya alisema. "Asijue kitu. Bwana Mahmud atakwenda kusali Isha. Akirudi, Bi Hindu atavuta kamba yake. Na hii yetu, ishike wewe."

"Na usipofunguka?" Jaafar aliuliza polepole.

Radhiya alimtazama mtoto.

Wakangoja. Jaafar alishuka na taa, akaufunga mlango, akasimama karibu nao. Saadiya alimfuata, akakaa ngazini. Waliosali Isha wakaanza kurudi. Viatu vya miti vikapita uchochoroni, kimoja kimoja, hadi vikaisha. Mahmud hakuwamo.

"Mkono wanifa ganzi," alisema Bi Mwanamkisi. "Jini wako amelala?"

Hapo Radhiya akapigwa na wazo. Vidole vyake! Alipopapasa mle tunduni, huenda amezitengua nyuzi. Huenda ameuharibu ushahidi wake kwa mkono wake mwenyewe. Alitamani kuugusa ukuta, akajizuia, asije akaambiwa amefanya hila. Akabaki kuomba dua moyoni.

Mtaani pete ya mlango wa Bi Hindu iligongwa. Mtu akakohoa. Akakohoa tena, na Bi Hindu akaitikia kwa mbali, usingizi ukiwa sautini.

Mkononi mwa Bi Mwanamkisi kamba ikalegea. Bibi mzima aliruka, akaishika kwa mikono miwili, mdomo wazi.

Kacha!

Ngazini, sauti ndogo ikapanda, haina haraka:

"Mlango umefunguka, na kamba anayo bibi."