Kisebuano cha Chibalonza

Jumatatu moja ya Julai 2021, saa moja asubuhi, Chibalonza alinawa mikono, akavaa barakoa na kuingia chumba namba tisa kumvalisha Bi Epifania. Makao hayo ya wazee yalikuwa nyuma ya maghala ya Wetherill Park, mtaa wa Sydney, Australia. Bi Epifania, mzaliwa wa Cebu huko Ufilipino, alikuwa na miaka themanini na minane, na mwaka huo Kiingereza kilikuwa kimemtoka chote. Alibaki na Kisebuano, lugha ya kwao, ambacho hakuna mtu aliyekijua jengo zima. Kwenye faili waliandika kwamba anapiga kelele.

Chibalonza, mhudumu wa hapo, mtu wa Bukavu, Kongo, aliwahi kuandikwa hivyo hivyo alipolazwa hospitalini mwezi wake wa kwanza Sydney, Kiingereza hakijui. Alinunua daftari, akampigia simu Marivic, binti wa bibi huyo, aliyefungiwa mtaa wa Bankstown kwa amri ya korona ya kukaa ndani, akaomba afundishwe. Hain ang akong antipara: miwani yangu iko wapi. Marivic alimwonya asichanganye hain na asa. Asa ni ya unakokwenda; hain ni ya kitu kilipo.

Siku ya nne alitamka sawasawa. Miwani ilijibu kutoka chini ya mto, "Naa ko diri," yaani nipo hapa, naye akaitoa na kuifuta. Meno ya bandia yalijibu ndani ya slipa. Akisema asa, vitu vilinyamaza, na Bi Epifania, ambaye sasa Chibalonza alimwita Lola, yaani bibi, alimrudisha kwenye hain mpaka apatie. Jepchumba, nesi Mkenya wa zamu hiyo, aliona muda wa kutafuta vitu umepungua, akaomba naye aandikiwe maneno hayo.

Agosti Lola aliacha kula. Wageni walikuwa wamekatazwa kwa wiki saba, na yeye, asiyetambua tena sauti za simuni, aliamini binti yake amekufa. Marivic alisema kwenye simu kwamba ametuma vifurushi sita, kila kimoja na barua yake. Chibalonza alimsukuma Lola kwenye kiti cha magurudumu hadi koridoni, akamwacha aulize mwenyewe.

"Hain ang akong mga sulat?" Barua zangu ziko wapi?

"Naa mi diri, Nay," zilijibu barua nyuma ya mlango wa stoo, kwa sauti ya Marivic. Tupo hapa, Mama.

Vifurushi vya wazee wengine navyo viliitika, kila kimoja kwa sauti ya aliyekifunga, vyote kwa Kisebuano. Lola aliweka kiganja mlangoni akasikiliza mpaka wa mwisho. Kisha aliomba uji, akamaliza bakuli.

Meneja, Rufus, alikuja akasikiliza pia. Alieleza kwamba vifurushi vilitakiwa kukaa siku tatu kwa ajili ya virusi, halafu mtu wa ofisi kuu atie sahihi kuwa ni salama. Mtu huyo aliacha kazi Juni na nafasi yake haijajazwa. Jepchumba alisema yeye atatia sahihi. Rufus alijibu kwamba fomu haina sehemu ya nesi. Jioni alibandika tangazo: koridoni ni Kiingereza tu.

"Meneja, Kiingereza mimi niko nacho," Chibalonza alimwambia. "Ni vitu ndivyo havikisikii."

Tangazo lilibaki ukutani. Kila saa kumi alasiri Chibalonza na Jepchumba walipanga viti vya magurudumu mbele ya stoo, na Lola, nywele zimechanwa na shanga shingoni, aliwafundisha wenzake. Hakumruhusu mtu kuuliza kabla hajaiweza hain. Mzee mmoja wa mtaa wa Cabramatta, Mvietinamu ambaye hakuwa amesema neno tangu Juni, aliuliza mara moja tu, akajibiwa na wanawe wanne.

Oktoba stoo iliwekewa kufuli jipya. Marivic, kwenye simu ya picha, alimwuliza Chibalonza kama mlango umefunguliwa.

"Wala pa," alisema Chibalonza. Bado.

Lola alimgeukia, akatikisa kichwa kukubali, kisha akamwambia binti yake kwamba huyu ni mwanafunzi wake, na kwamba asikilize anavyolitamka neno hilo.